Injinia wa Alizeti

Jina hilo nililitunga mimi mwenyewe, pale kijiweni kwetu karibu na stesheni ya Tabora. Washikaji walicheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Jioni ileile jina lilishafika sokoni, na kesho yake watoto wakawa wanamwimbia dada yangu akipita.

Ndugu msomaji, ngoja nikueleze. Dada ana shahada ya uhandisi wa petroli ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Ada ilitoka kwenye tumbaku ya baba kule Urambo, na tumbaku yenyewe ilitosha mtoto mmoja tu. Nilipomaliza kidato cha nne, baba aliniita chini ya mwembe akaniambia, "Mwanangu, subiri kwanza dada yako amalize." Nikasubiri. Dada akamaliza, akarudi na cheti chake, akaandika barua za kuomba kazi mpaka kalamu zikamwishia. Hakujibiwa. Mwisho akateka karai mbele ya nyumba akaanza kukaanga mihogo, kwa mafuta ya alizeti. Bila shaka umeshaelewa.

Mwaka 2024 kikazinduliwa kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, cha kuyavisha mabomba ya mafuta ghafi koti la kutunza joto. Mji mzima ukawa unazungumzia bomba: kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu Tanzania. Kijiweni wakaniuliza, "Vipi, sasa si ndiyo zamu ya dada yako?" Nikaenda kumwuliza. Ndiyo, nakiri: miaka yote ile aliyosoma, sikuwahi kumwuliza alichokuwa anasoma.

Alikuwa anamenya mihogo. Akasema, "Mdogo wangu, bomba linapita kwetu, lakini mwamba uko kwao. Sojo wanahitaji mafundi wa mabomba. Mimi nimesomea mwamba."

Mimi nilidhani mafuta yako chini kama ziwa, unatoboa yanaruka. Dada akatikisa kichwa. Akaokota tofali la kuchoma lililokauka, akalipima kwenye mzani wa duka la mama. Kisha akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Jamani, vipovu vilitoka kama sufuria inachemka! Tulipolitoa baada ya saa kadhaa na kulipima tena, lilikuwa limeongezeka gramu 360, yaani maji karibu theluthi moja ya lita. Tofali zima lina ujazo kama wa lita 1.8. Akaniambia nigawanye. Asilimia 20 ya tofali lile, ambalo mimi naliona gumu kama chuma, ilikuwa vitundu.

"Mafuta yanakaa hivyo," akasema. "Kwenye vitundu vya mwamba wa mchanga. Haya, sasa yatoe."

Nikaliinamisha tofali. Matone machache. Nikalitikisa. Hakuna kitu.

"Umeona? Kujua kwamba yamo ni kazi moja. Kujua yatatoka mangapi ndiyo kazi yangu."

Akanieleza kwamba chini ya Ziwa Albert na pembezoni mwake kunakadiriwa kuwa na mapipa kama bilioni 6.5, lakini yanayotarajiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4. Yaani moja ya tano hivi. Mengine yananasa humohumo. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba lake linapashwa joto njia nzima. Huko mwambani inabidi upeleke maji kwa visima vingine ili yayasukume. Na ukiwa na pupa, ukavuta haraka mno, maji yanatangulia kwenye kisima na mafuta unayaacha nyuma. Mwaka 2021 TPDC ilichimba visima vifupi vya utafiti kwenye bonde la Eyasi-Wembere, ambalo linafika mpaka Igunga kwetu hapa mkoani. Dada ana ramani ya bonde hilo. Ameikunja ndani ya Biblia ya mama.

Usiku ule sikulala. Mimi nina riwaya yangu, naiandika kwenye madaftari ya shule yaliyobaki. Inamhusu mpagazi wa Kinyamwezi kwenye njia ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji, mzigo wa frasila mbili begani, karibu kilo 32. Burton na Speke walipofika Kaze, hapahapa Tabora, Novemba 1857, walibebewa vitu vyao na watu wa namna hiyo. Majina ya wale Waingereza kila mwanafunzi anayajua. Ya wapagazi wengi hayajulikani. Sura ya tatu ilikuwa imenishinda miezi mingi, nami nikawa nalaumu tumbaku, nalaumu baba, nalaumu dada aliyekula ada yangu. Kumbe nilikuwa navuta kwa pupa. Nilitaka yule mpagazi aseme yote kwa siku moja.

Alfajiri nikamkuta dada anawasha moto. Nikamwambia, "Dada, lile jina la Injinia wa Alizeti. Ni mimi niliyelitunga."

Hakuinua uso. Akapuliza moto mpaka ukashika.

"Najua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kijiwe kizima nani mwingine angeweza kulitunga?"

Nikabeba ndoo kwenda kumchotea maji. Nilipopita mlangoni nikaligusa lile tofali. Lilikuwa bado na unyevu.

Siku hizi asubuhi namenya mihogo, yeye anaandika barua zake. Jioni naandika mimi, yeye ananisomea nilichoandika na kunisahihisha. Juzi alipiga mstari ukurasa mzima akaandika pembeni: "Hapa umevuta haraka. Yametoka maji."