Maktaba Iliyokosekana

Muhula huu hapa Gairo tulikuwa tukiweka Moodle, programu ya masomo iliyotolewa mwaka 2002, katika seva ya shule, ili Kidato cha Nne wasigombee vitabu vichache. Programu ikagoma, ikasema maktaba ya GD haipo. Hiyo ndiyo ishughulikiayo picha. Wenzangu walitaka tufute yote tuanze upya. Lakini bando lilikuwa dogo, lingekwisha. Nikaandika amri php -m, ionyeshayo viungo vya PHP vilivyomo. Kweli, GD haikuwamo. Tukaongeza php-gd, kifurushi kidogo tu, tukaizima Apache na kuiwasha tena. Moodle ikakubali. Basi, mashine ikikataa, tusome kwanza inalosema. Kidole kimoja hakivunji chawa.