Mbu Mwenye Anwani

Mbu hachomwi pini. Hilo ndilo la kwanza kulijua. Fukusi wa mkonge, yule mweusi mwenye mdomo mrefu, unamchoma bila huruma kwenye bawa gumu la kulia, anatulia hapo miaka na miaka. Mbu ukimfanyia hivyo atapasuka. Basi unakata karatasi ngumu, pembetatu, urefu wa milimita 8 hivi, unaipitisha pini upande wake mpana, kisha nchani unatia gundi kidogo, kidogo kabisa, na kumgusisha mbu ubavuni. Gundi yangu mimi ni rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Niliinunua Korogwe mjini na muuzaji akanitazama kwa jicho la pembeni. Miguu ielekee kwenye pini, ndipo isivunjike ovyo. Na usipumue! Pumzi ya pua inatosha kumpeperusha, na magamba ya mabawa yakishatoka, madoa yake huyasomi tena.

Kazi hii naifanyia kwa bibi yangu hapa Kwashemshi. Miguu ya meza imesimama ndani ya makopo ya maji, maana sisimizi hawajui sayansi. Kwao mkusanyo wangu ni kitoweo.

"Yaani huyu," bibi aliniuliza jioni moja, "huyu ndiye umemjengea nyumba?"

Hakuwa anatania. Kitindamimba wake, mjomba nisiyepata kumwona, alikufa kwa malaria wakati wa mvua za Elnino, mwanzoni mwa 1998. Alikuwa na miaka 3. Picha yake haipo, hata kipande cha karatasi hakuna. Kuna mvua ile tu, ambayo bibi huitumia kuhesabia umri wa kila mtu pale nyumbani.

Nikajaribu kujieleza. Bibi, anofelesi gambiae na ndugu yake arabiensis ukiwatazama kwa lensi ni walewale; inabidi kupeleka hata mguu mmoja maabara. Lakini tabia ni mbili. Wa kwanza hupenda kuuma watu, tena ndani ya nyumba. Wa pili hata ng'ombe anamtosha, na nje huuma vilevile. Chandarua kinambana mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo mbu asiye na lebo ni takataka tu: lazima iandikwe kapatikana wapi, lini, ndani au nje, na nani kamkamata.

"Nani kamkamata," bibi alirudia.

Hapo alinigusa. Kule juu Amani Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na baadaye malaria ikachunguzwa palepale kwa miaka mingi. Wadudu wa Usambara wamo makabatini Berlin na London hadi leo. Mara nyingi lebo humtaja mzungu mwenye mkusanyo. Kijana aliyeingia msituni na wavu, wapi! Mimi naona huo ni upungufu wa sayansi yenyewe, achilia mbali adabu. Aliyejua mdudu analala wapi ni yule kijana.

Utafiti wa vijiji vya Korogwe, 2003 hadi 2008, ulionyesha vimelea vya malaria vikipungua sana kwa watu. Nilimwambia bibi hilo pia. Akasema, "Vizuri," akaendelea kuchambua mchicha.

Asubuhi akaniita chumbani. Mbu alikuwa ukutani, juu ya kitanda, kabinua mkia namna ile ya anofelesi. Bibi alikuwa amemwona kabla yangu na hakumpiga. Nikamvuta kwa mrija.

"Andika ni chumba changu," alisema. "Na aliyemkamata ni mimi, wewe umeshika mrija tu."

Nikaandika: Tanzania, Tanga, Korogwe, Kwashemshi, ndani, chumba cha kulala. Tarehe. Jina la bibi. Akauliza kama nafasi imebaki ya jina moja zaidi, la mtoto. Lebo ina milimita 15 tu, ilikuwa imejaa. Nikakata nyingine, nikaichoma chini ya ile ya kwanza kwenye pini ileile.