Kobalti ya Katanga, njia ya Tabora

Wadau, tukiitaja Tabora tunaishia kwenye pembe za ndovu, watumwa na Livingstone. Shaba tunaisahau. Kumbe miaka ya 1850 Msumbwa mmoja wa Unyamwezi, Msiri, alifuata njia ya misafara hadi Katanga, akajenga himaya yake Bunkeya, na shaba ya huko ikawa inarudi Unyanyembe mabegani mwa wapagazi. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold.

Ndani ya mawe yale ya shaba mna kobalti. Zama za Msiri hakuna aliyeitafuta. Karne ya 20 ikawa dhahabu: chuma cha pua kimoja kikali mno, cha miguu ya ndege na maganda ya roketi, kilichanganywa nikeli asilimia 18 na kobalti kama 8. Mei 1978 waasi wakaingia Kolwezi, na bei ya kobalti ikapaa.

Wamarekani hawakukaa kulia. Wahandisi wao waliitoa kobalti yote, wakaongeza titani, kama asilimia 1.4 tu. Chuma kikipashwa moto wa nyuzi 480 hivi, titani na nikeli hushikana kuwa chembe ndogo mno zinazokizuia kupinda. Ukali ukabaki karibu uleule.

Nikeli ikabaki asilimia 18. Na nikeli tunayo, kule Kabanga, Ngara. Kwa hiyo mwanasiasa akiniambia dunia haiwezi kuishi bila madini yetu, namuuliza: mkataba unasemaje siku maabara fulani itakapoitoa na hiyo?