Njia ya Likasi: Kitabu mu Mfuko, Kreyo mu Mkono



Ukipanda gari Lubumbashi kwenda Likasi, safari ni ya kilometa karibu 120. Nyuma unaacha bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya madini, kazi ya kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mu 1911. Mbele, vilima vinaanza kusimama. Kama unaenda kuanza staji mu biro ya desini, pale wanachora mashini na majengo, tia mu mfuko kitabu kimoja ulichokwisha kusoma: L'Enfant noir cha Camara Laye, kilichotoka mu 1953.

Utasema: "Mchungaji, kile tulikisoma ku masomo, tukajibu maulizo, tukakisahau." Ndiyo, ulikisoma juu ya pointi. Sasa ukisome juu ya kazi.

Baba wa yule mtoto wa Kouroussa, mu Guinea, alikuwa fundi wa chuma na zahabu. Angalia tena pale mwanamke analeta zahabu ili itengenezwe pambo. Fundi hafanyi haraka. Anapaswa kuwa safi kwanza, na wakati zahabu inayeyuka wanafunzi wake wananyamaza. Yeye aliita mizimu ya moto. Sisi tunamwomba Mungu mmoja. Lakini ile heshima mbele ya kazi, tusiitupe.

Na huku kwetu? Mbele ya reli kufika, mababu wa Katanga walichimba malakiti mu vilima kama hivi, wakaiyeyusha kwa makaa mu tanuru za udongo wa kichuguu, wakamwaga shaba mu umbo la msalaba. Umbo lilitangulia, shaba ikafuata. Lile umbo njo desini yao.

Ukifika mu biro, siku za kwanza zinaweza kukuvunja moyo. Watakupa kufagia, kupanga makaratasi, kurudilia desini za zamani. Malipo, mara mingi hakuna. Basi fungua kitabu pale Conakry. Kijana anafika ku masomo ya ufundi na moyo wa moto, na mwaka wa kwanza wanamfundisha vitu anavyojua tayari. Alisikitika sana. Lakini alibaki, akapata cheti, akatumwa Ufaransa kuendelea.

Kisha jifunze uzito wa mstari. Mu desini ya kipimo cha 1/50, milimeta 1 ku karatasi ni sentimeta 5 ku kazi. Ukikosea milimeta 2, ni sentimeta 10: ngazi haifiki, bomba haziungani, na baba wa mtu njo anasimama chini yake. Kompyuta inachora vizuri, lakini haijui kama ulipima ao ulibahatisha. Mtu akikuambia, "Weka tu, nani ataona?", jibu kwa adabu: "Baba, tupime tena." Pengine atakasirika. Afazali akasirike yeye, kuliko mjane alie.

Soma tena Kutoka sura ya 31. Bezaleli wa kabila la Yuda alijazwa Roho wa Mungu, si juu ya kuhubiri, lakini juu ya kubuni na kutengeneza vitu vya zahabu, fedha na shaba. Shaba! Mali ya udongo wetu. Basi ile meza ya kuchora nayo ni mahali pa kumtumikia Mungu.

Mwisho wa kitabu kijana yuko mu ndege. Mkono wake unagusa kitu mu mfuko: ramani ya metro ya Paris. Mchoro wa mtu asiyemjua utamwongoza mu mji asioujua. Hata desini yako, kuna mtu ataifuata bila kujua jina lako. Uichore kwa kweli.

Na ninyi wazazi, mtoto akirudi jioni kutoka ku staji, msitangulie kuuliza, "Wamekulipa?" Ulizeni, "Leo umejifunza nini?"

Mungu awabariki.