Somo la Miviga

Nilipoanza kufundisha Kiswahili wilayani Bungoma, katikati ya miaka ya 2000, somo la miviga, yaani sherehe za kimila kama tohara, lilikuwa la kunakili. Maana, sifa, umuhimu, hasara: mimi ubaoni, kidato cha tatu daftarini, kengele ikalia. Mtihani ukija, hoja zilimwagwa zilivyo na alama zikapatikana.

Na hao walionakili walikuwa wakiishi ndani ya miviga hiyo hiyo. Wabukusu hutahiri wavulana miaka ya shufwa, Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, wengine walirudi darasani wakiwa wametoka tu kuvuka utoto.

Mambo yaligeuka 2012. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma, mzito wa kusema, alikuja na chinyimba za kakake: njuga za chuma ambazo mtahiriwa hushika mikononi na kuzigonga kwenye bangili alizovaa. Alipozigonga mara mbili tatu, darasa la jirani lilijaa madirishani.

Nikamwambia asimulie tohara yake mwenyewe. Akaanza na mialiko, jinsi alivyozunguka kwa jamaa akicheza, hadi kwa mjomba aliyechinja ng'ombe na kumvika shingoni ukanda wa nyama. Kisha mto alfajiri, tope la baridi kuanzia utosini, na safari ya kurudi nyumbani watu wakiimba Sioyaye, hadi uani kwa babake alikosimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Kiswahili kilimtoka kama maji. Alipofika kwenye mafunzo ya wakati wa kuuguza kidonda, akakata.

"Hayo hayasemwi mbele ya wasichana, Mwalimu."

Sikumshurutisha. Ila msichana mmoja wa kutoka Mlima Elgon alikuwa keshainuka.

"Mwalimu, huyu tunampigia makofi. Dadangu alipokeketwa aliacha shule akaozwa. Naye pia aliambiwa ni mila."

Wavulana wawili wakacheka, kisha wakaona wanacheka peke yao. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa imepitishwa mwaka uliotangulia, 2011, na wengi wao walikuwa wameisikia redioni tu. Kipindi kikaisha tukiwa bado tunajadiliana, na ubaoni sikuwa nimeandika neno.

Tangu hapo mada hiyo naianza kwa kuuliza nani ana la kusimulia. Siku hizi wengi wametahiriwa hospitalini, kwa sindano ya ganzi, na hapo ndipo ubishi unapowaka: je, aliyepakwa tope alfajiri na aliyelala kitandani ni rika moja? Wasichana huamua kesi hiyo bila haya. Swali la mtihani halijabadilika, bado linataka umuhimu na hasara. Lakini nikisahihisha sasa, chini ya "hasara" nakuta mtu: dada, binamu, jirani. Na chini ya "umuhimu" nakuta mjomba aliyetoa ng'ombe mwaka wa njaa.