Barua kwa Mpwa Wangu Aliyeacha Dawa ya Presha

Pangani, mwezi wa Shaabani

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako goti linamsumbua lakini ulimi wake haujapata dosari, dada yako amejifungua salama, na paa la ukumbi limekwisha ezekwa. Hayo yatosha kwa habari, kwani sikushika kalamu kwa ajili yake.

Nimeishika kwa sababu nimesikia kwamba umeacha dawa ya presha. Usimdhanie mkeo, maana si yeye aliyeniambia, ni mgeni wa kwetu aliyelala kwako alipokuja Dar es Salaam kununua nyavu, naye, pasina kukusudia fitina yoyote, alinihadithia barazani ya kuwa ulivisimamisha vidonge vyako Ramadhani iliyopita kwa sababu ya saumu, na kwamba Idi ilipokwisha hukuvirudia, na ulipoulizwa ukacheka ukasema, "Kichwa hakiniumi, dawa ya nini?" Neno hilo limenikosesha raha, na sababu yake nitakueleza kwa urefu, nawe nakuomba ustahimili, kwa kuwa katika wajomba zako nimebaki mimi peke yangu.

Wala si mauti ninayokuchelea, kwani mauti yana mwenyewe Mola na saa yake haipingiki. Ninachokuchelea ni kuishi, nako ni kuishi umri mrefu ilhali akili yako imekutangulia kuondoka.

Mjomba wako mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, wewe ulimdiriki akiwa mzee wa kukaa kimya juu ya kiti cha ubao, na huenda ukadhani ndivyo alivyoumbwa. Sivyo. Alikuwa nahodha ambaye, katika mlango wa mto wetu huu wenye mafungu ya mchanga yahamayo, aliingia na kutoka na shehena kwa maji ya bamvua na kwa maji mafu, na hesabu za mabaharia na za wenye mali akazihifadhi kichwani bila ya daftari, wala sijapata kumwona mtu aliyebishana naye juu ya senti akamshinda. Hospitali walimwambia kuwa ana presha alipokuwa na umri kama wako wa leo. Wakampa dawa, akaimeza hata alipojiona mzima, kisha akaitia ndani ya sanduku lake la safari, akasema neno lile lile ulilolisema wewe.

Miaka ikapita pasi na jambo. Kisha asubuhi moja, tumekaa kwa kahawa, kikombe kikamponyoka, akataka kusema neno na neno likatoka limekatika, mdomo ukaenda upande. Na kabla ya adhuhuri kila kitu kikarudi mahali pake, akacheka, na watu wakasema ni upepo uliompitia. Leo kila daktari atakuambia kwamba kiharusi kipitacho namna hiyo ni onyo, na kwamba mtu wake hupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama amekwisha inuka na kuomba kahawa nyingine.

Baada ya siku hiyo akawa amlipa baharia mmoja mara mbili, na mwingine asimlipe kabisa. Akakaa hivyo muda mrefu, hazidi wala hapungui, hata tukamzoea. Kisha akashuka tena kwa ghafla, asijue kama maji yanajaa au yanakupwa, ilhali bahari i mbele ya macho yake. Maradhi yale yalimteremsha kama ashukaye ngazi gizani: hatua, kisha husimama, kisha hatua nyingine. Jioni alipenda kunitajia safari ya Unguja kama alivyokuwa akitutajia zamani, Maziwe kwanza, kisha mkondo, kisha mnara wa Nungwi, ndipo Mkokotoni. Akawa aanza, "Maziwe," kidole chake kikichora juu ya mkeka, akanyamaza kitambo, akasema tena, "Maziwe," na safari isiondoke hapo.

Wako walionena kuwa amerogwa. Mbuzi wakachinjwa, na mganga akalipwa kwa fedha za shamba la minazi la Mwera, ambalo baba yako aliridhia liuzwe bila ya mimi kuitwa shaurini. Jambo hilo nimekwisha lisamehe, ingawa sijalisahau, na katika hilo utapata ushahidi ya kuwa hifdhi yangu ingali nzima.

Tabibu aliyemtazama mwishoni, kijana mwenye adabu, ndiye aliyetufafanulia. Alisema ubongo wa mtu mzima una uzito wa kadiri ya kilo 1.4, yaani kama sehemu 2 katika 100 za mwili wote, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zote za mwili. Na riziki yake yote huletwa na damu, katika mishipa ambayo mingine ni myembamba mno. Presha ikiipiga mishipa hiyo usiku na mchana, mwaka hata mwaka, kuta zake hukakamaa na kuwa nene, njia ikasonga, na mwisho ikaziba; na kila kipande cha ubongo kilicholishwa na mshipa ulioziba hufa. Kipande kikiwa kikubwa, mtu huanguka na watu hupiga ukelele. Kikiwa kidogo, hakuna ajuaye, mwenyewe wala jirani. Na vidogo vikiwa vingi ndipo nahodha asifike Nungwi.

Sasa utafahamu kwa nini neno lako limeniudhi. Wewe wangojea kichwa kiume, na presha aghalabu haimuumizi mtu popote. Haijulikani kwa kujisikia, hujulikana kwa mashine ikifungwa mkononi. Kujiona mzima si alama kwamba presha imeshuka, wala si hoja ya kuiacha dawa.

Mjukuu wangu anayesomea uuguzi hunisomea mambo haya nikamsikiliza. Mwaka 2019 ilitolewa habari ya utafiti wa Marekani uliowahusisha watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Nusu yao presha ya juu ilikusudiwa ishushwe chini ya 120, na nusu chini ya 140, na wale wa kundi la kwanza walioingia katika udhaifu wa kumbukumbu, ule unaotangulia maradhi yenyewe ya kusahau, walikuwa pungufu kwa asilimia 19. Kiwango gani kikufaacho wewe ni juu ya daktari wako kuamua, si juu yangu, wala si juu ya wauza vipuri wenzako wa Kariakoo.

Usinijibu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, ati kwa kuwa Alois Alzheimer, ambaye mojawapo ya maradhi ya kusahau lilipewa jina lake, alikuwa tabibu wa Kijerumani aliyeieleza hali ya mgonjwa wake mbele ya wenzake mwaka 1906. Watafiti walipita katika vijiji vya wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, wakawapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta wenye maradhi ya kusahau ni asilimia 6.4, nao ni wakulima wa migomba na kahawa. Wala usiniambie kwamba ni uzee tu, kwa sababu mimi nimekaribia miaka 80 na bado namsahihisha imamu anapoteleza katika tarawehe, ingawa naona hapendi.

Sikuahidi kwamba mwenye kufuata haya yote hatasahau, maana umri na nasaba haviko mikononi mwetu. Lakini mabingwa walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14 ambayo, lau yangeondoshwa yote, karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Na presha wameiweka katika mambo ya umri wa kati, yaani umri ulio nao wewe, si wa kwangu. Mwenye kungoja mvi ndipo aanze kuihifadhi akili yake amekwisha chelewa sehemu kubwa ya kazi.

Mengine nitayapitia mbio, kwa kuwa unayajua. Watoka kitandani ukaingia garini, watoka garini ukakaa dukani. Tembea walau dakika 150 kwa juma, nawe ujue kuwa katika utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2011, wazee waliotembea dakika 40, mara tatu kwa juma, kwa muda wa mwaka, ile sehemu ya ubongo ihifadhiyo kumbukumbu iliongezeka kwa asilimia 2, na ya wenzao wasiotembea ikapungua. Sigara iache, wala usinieleze kwamba ni moja tu baada ya chakula. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na iliyomo ndani ya papa na achari. Sukari ipimwe siku hiyo hiyo ipimwapo presha. Usiku simu ilale mbali nawe. Ukipanda bodaboda vaa kofia ngumu, maana pigo la kichwa nalo limo katika yale 14. Masikio yakianza kuwa mazito usione haya kuvaa kifaa, kwani mzee asiyesikia huacha kujibu, na asiyejibu huachwa kuzungumzwa, na upweke huo ni mlango wa kusahau. Tena jifunze jambo jipya, lolote, hata bao, ambalo naona Dar es Salaam mmeliacha kwa wazee. Na watu wako watembelee, kwani arubaini ya shangazi yako tulisoma bila ya wewe, na nafasi yako mkekani ilionekana.

Lakini hayo yote ukiyafanya, na dawa ukaendelea kuiacha, utakuwa umeniridhisha kwa machache. Basi sikiliza ninalolitaka. Ramadhani imekaribia. Kabla mwezi haujaandama, nenda hospitali, umwambie daktari kweli ya kuwa umeacha, na tangu lini, wala usimpunguzie hata siku moja. Kisha umuulize namna ya kuzipanga dawa kati ya futari na daku, kwa maana ziko ambazo hutosha mara moja kwa siku, na mgonjwa wa presha iliyotulia aghalabu hufunga bila ya dhara, lakini mpango huo hupangwa na tabibu, haupangwi na mwenye njaa. Saumu haikukuamuru kuacha dawa. Uliacha wewe, ukaisingizia saumu.

Ukishapimwa, uniandikie kwa mkono wako zile namba mbili, ya juu na ya chini, pamoja na majina ya dawa ulizopewa. Mkeo asiniandikie, na salamu za mdomo sizipokei. Nikikosa barua yako kabla ya mwezi kuandama, mimi na mjukuu wangu tutapanda basi, yeye na mashine yake, tuje tukupime mbele ya wateja wako.

Wasalaam,

Mjomba wako