Nyeupe Gani?

Ukiniambia gari yako ni nyeupe, nitakuuliza: nyeupe gani? Usicheke. Toyota peke yake iko na nyeupe namba 040, ile ya kawaida, na nyeupe namba 070, yenye mng'ao wa lulu. Paka moja juu ya nyingine uone kama hata mtoto wa nasari hataona kiraka.

Naandika hii kwa sababu ya mamangu. Ana Vitz ya rangi ya fedha, namba 1F7, na anataka kuiuza alipe karo ya chuo ya mdogo wangu. Juzi kwa foleni ya Jogoo Road, boda ikajipenyeza, usukani ukachora mlango wa nyuma. Alama yenyewe haikuzidi urefu wa kidole. Fundi akaiangalia, akasema lazima upande mzima upigwe rangi upya, elfu kumi na tano. Namba ya rangi je? Ati hiyo atakadiria kwa macho.

Nilipinga, na bado napinga. Rangi ya fedha ina chembechembe za metali ndani, na zikilala tofauti kidogo tu, mlango unaonekana umetoka gari ingine. Na wewe unajua wanunuzi wetu. Akiona mlango hauendani na bodi, kichwani mwake hiyo gari ilishabingirika Naivasha. Bei inashuka hapo hapo. Lakini alama ndogo iliyozibwa vizuri inabaki kuwa alama ndogo.

Sasa sikiza. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, umechorwa vanishi ya juu pekee. Polishi inatosha, weka pesa yako. Ukikwama, na unaona kijivu cha praima au chuma chenyewe, hapo unahitaji rangi, na usikawie. Chuma kikipigwa na mvua, kutu huanza kutambaa chini ya rangi nzima. Watu wa Mombasa, na ile hewa ya chumvi, hawahitaji kuambiwa.

Namba ya rangi iko kwa kibao kidogo, kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Kwa Toyota tafuta C/TR. Zile herufi tatu za kwanza ndizo rangi. Peleka hiyo namba kwa duka la kuchanganya rangi. Lakini namba ni rangi ya siku gari ilitoka kiwandani, na jua la miaka kumi lina maoni yake. Kwa hivyo paka kwanza kwa kadi, iache ikauke, kisha ilinganishe na gari mchana, nje, si chini ya taa ya duka.

Kazi yenyewe ni uvumilivu. Osha, panguza na spiriti mafuta na nta zitoke. Kama kuna kutu, ikwangue na kipande kidogo cha msasa, halafu praima. Tikisa rangi sana, tumia brashi nyembamba au hata kijiti cha meno, na ujaze mkwaruzo pekee. Tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke, ukiwa kivulini. Malizia na vanishi. Polishi ngoja siku kadhaa.

Haitapotea kabisa, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuuzia ndoto. Ukiinama karibu utaiona. Mamangu ameamua kila mnunuzi akija atamwonyesha hapo mwenyewe na kumwambia ni boda. Rafiki zangu wanasema huo ni ushamba, kwamba sokoni kila mtu anaficha. Mimi naona mtu akikuonyesha kasoro kabla hujauliza, hata injini yake unaiamini zaidi.

Kwa hivyo kabla hujampigia fundi simu, fungua mlango usome hiyo namba. Akikuambia haihitaji, tafuta mwingine.